Kanuni ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Dhana potofu si kutojua. Asiyejua huacha nafasi wazi au hubahatisha, na anayebahatisha harudii jibu lake kwa namna moja. Dhana potofu ni kanuni. Mwanafunzi ameipokea au ameijenga, anaitii kwa uaminifu, inampa majibu sahihi mara nyingi kiasi cha kuiamini, kisha inampa jibu lisilo sahihi kwa utaratibu uleule uliompa yale ya kwanza. Kwa hiyo mwenye dhana potofu hana sababu ya kusita, na asiyesita hafundishiki kwa urahisi.

Ninaanza na fasili kwa sababu msimamizi wangu chuoni anataka kila mwalimu anayesomea shahada ya uzamili katika ufundishaji wa hisabati aweke shajara ya utafiti, na anataka ifunguliwe kwa dhana kuu. Msimamizi ana miaka thelathini na minne. Mimi nina arobaini na sita, na ishirini na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya ubao. Ninamwita Daktari, naye ananiita Mwalimu, na kila mmoja wetu hutamka cheo cha mwenzake kwa uangalifu uliozidi kidogo.

Hali ni hii. Tasnifu iwasilishwe Ijumaa, tarehe 7 Juni. Nimekwisha kuongezewa muda mara moja, na hakuna mara ya pili. Nikiikosa tarehe hiyo jina langu linafutwa, na nafasi ya ukufunzi katika chuo cha ualimu, niliyoahidiwa kwa sharti la shahada, inakwenda kwa mwingine. Utafiti unafanyika shuleni kwangu, kidato cha pili, mada ya milinganyo. Mikondo ni mitatu. A ni wangu, na umeondolewa ili nisijipime mwenyewe. B ni wa mwalimu ambaye shule nzima, kuanzia mpishi hadi Mkuu wa shule, humwita Daraja. C ni wa mwalimu mgeni, aliyepangiwa kwetu Januari. Binti yangu yuko B. Karatasi zake nazo nimeziondoa, kwa sababu ileile.

Jumatano, 6 Machi

Daraja ametia saini fomu ya ridhaa bila kuisoma. Nilimsihi aisome, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta picha.

Ana miaka hamsini na saba, stashahada moja, na miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mwaka niliojifungua alibeba vipindi vyangu kumi na viwili kwa wiki juu ya vyake, muhula mzima, na hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yangu wala nyuma yangu. Ninaliandika ili nisije nikadai baadaye kwamba nilikuwa nimelisahau.

Nilimweleza kwamba jina lake halitaonekana popote, na kwamba ataitwa Mwalimu B.

"Dada, shule ina walimu watatu wa hesabu, na mmoja ni wewe," alisema. "Hiyo B inamficha nani?"

Nilijibu kwamba huo ndio utaratibu wa maadili ya utafiti. Akasema basi niandike nitakavyo, hata nikiandika amezeeka, angalau atakuwa amezeeka kitaalamu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Vipindi viwili havikufundishwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimeshuhudia kipindi katika mkondo B. Nilikaa nyuma kabisa, kama mwongozo unavyoagiza, nikachora ramani ya madawati na kuweka kinasa sauti kwenye kizingiti cha dirisha.

Chumba cha B hakina dari. Mbao zake ziliondolewa miaka miwili iliyopita kwa sababu ya popo, zikaahidiwa kurudishwa. Juu ya vichwa ni bati tupu.

Jina la utani la Daraja linatokana na mstari anaouchora sakafuni kwa chaki, kutoka ukutani hadi ukutani. Mstari huo ni alama ya usawa. Wanafunzi hushika kadi zenye namba na kusimama upande huu au ule, na anayehamia ng'ambo huigeuza kadi yake: jumlisha tano inakuwa toa tano. Darasa zima huimba, "Anayevuka anageuka." Leo msichana mmoja alivuka na kadi ileile, na Daraja akamuuliza kama yeye amepita kwa mtumbwi. Darasa lilicheka mpaka nami nikaacha kuandika kwa muda.

Hatari ya mbinu hii inajulikana. Inafaa kwa namba zinazojumlishwa na zinazotolewa. Katika mlinganyo 3x = 12, ile tatu inazidisha; ikivushwa na kugeuzwa alama kwa mazoea, mwanafunzi atagawa kumi na mbili kwa hasi tatu na kupata hasi nne, wala hatashangaa. Ili mbinu iwe salama pahitajika kanuni ya pili: kinachozidisha hakigeuki alama, kinagawa.

Saa nne kasoro dakika kumi mvua ilianguka juu ya bati kwa mkupuo mmoja. Daraja alizifuata safu za mbele, akainama na kuzungumza kwa mikono. Wa mbele walisimama, nami nikaona migongo. Ilikuwa hivyo kwa dakika sita. Mvua ilipopungua, kengele ililia.

Nimejaza fomu ya ushuhudiaji. Kanuni ya kwanza: imetolewa, mara kumi na moja. Kanuni ya pili: haikusikika.

Alhamisi, 14 Machi

Nimenukuu kinasa sauti chote. Dakika ya 24 hadi ya 30: mvua. Leo pia inanyesha tangu asubuhi.

Alhamisi, 21 Machi

Jaribio lilifanyika jana, nami nimemaliza kusahihisha chumbani kwa walimu kabla ya gwaride. Swali la sita lilikuwa 3x = 12.

Mkondo C: wanafunzi 40, watano wameandika hasi nne. Mkondo B: wanafunzi 43, kumi na tisa wameandika hasi nne. Kumi na tisa, bila kufuta na bila kusita, kwa mwandiko mzuri. Ni dhana potofu kwa kila kigezo cha fasili yangu.

Nilifurahi. Ninaandika neno hilo kwa sababu ndilo lililotokea. Watoto kumi na tisa wamekosea swali ambalo wangeliweza wakiwa na miaka kumi, na mimi nilijaza chai kikombe cha pili.

Jumatatu, 25 Machi

Chuoni. Msimamizi ameyaangalia majedwali na kusema sura ya nne sasa inajiandika yenyewe. Alisimama sehemu moja tu, kwenye fomu ya ushuhudiaji, akagonga kalamu juu ya neno.

"Haikusikika ni udhaifu wa kifaa, Mwalimu. Haikutolewa ni matokeo. Wewe ulikuwepo. Ilitolewa?"

Nilisema sikuisikia.

"Na watoto kumi na tisa hawakuisikia. Sasa unahitaji ushahidi gani zaidi?"

Hoja yake haikuwa dhaifu. Majibu ya wanafunzi yanathibitisha pengo, na pengo linaelezwa vizuri zaidi na kutotolewa kwa kanuni. Nimebadilisha neno hilo kwenye basi, kwa penseli.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Nimeandika kurasa saba.

Jumatatu, 8 Aprili

Kadiri ninavyoandika juu ya Mwalimu B ndivyo ninavyomwona Daraja kwa uwazi zaidi. Miaka yote nimeuita ucheshi wake kipaji. Leo mezani mwalimu mgeni alimuuliza kwa nini hafundishi kwa mizani, akajibu kwamba mizani ni ya duka. Wote wakacheka, na swali likafa. Sikuwahi kugundua ni maswali mangapi yameuawa namna hiyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Mume wangu ameuliza kama tasnifu itakwisha. Nimejibu kwamba itawasilishwa, ambalo ni jambo jingine.

Jumatano, 17 Aprili

Mkuu wa shule ameomba sura ya nne. Aliomba kwa adabu, mlangoni, huku akinikumbusha kwamba amenipa Ijumaa zangu zote muhula mzima bila kuuliza.

"Na mimi nione shule imepata nini, Mwalimu."

Nimempa nakala. Majina hayamo. Nilihakiki mara mbili.

Jumatatu, 22 Aprili

Mkuu aliniita baada ya kipindi cha pili. Sura ilikuwa mezani, imefunguliwa kwenye Jedwali la 3, Sifa za Walimu Walioshiriki. Nililichora mimi, na lina safu mbili. Mwalimu B: mwanamume, stashahada, uzoefu wa miaka 31. Mwalimu C: mwanamke, shahada ya kwanza, uzoefu wa miezi miwili.

Akauliza B ni nani. Nilisema utaratibu hauniruhusu kumtaja.

"Sijakuomba umtaje. Nikimtaja mimi, utakataa?"

Sikukataa wala sikukubali. Mkuu alishukuru, akavua miwani, akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba kwamba matokeo ya hesabu yameshuka miaka mitatu mfululizo, kwamba afisa elimu anataka sababu iliyoandikwa, na kwamba hii ni mara ya kwanza mtu kumletea sababu yenye majedwali.

Mwongozo wa maadili una kurasa kumi na nne. Nimeusoma upya leo. Hakuna ukurasa unaosema nini kifanyike pale ambapo herufi moja inatosha kumjua mtu, na walioutunga pengine hawakuwahi kufanya kazi katika shule yenye walimu watatu wa somo. Mimi nimefanya.

Jumatatu, 29 Aprili

Tangazo ubaoni: Daraja amepumzishwa vipindi na kupelekwa maktaba hadi shauri lake lisikilizwe. Maktaba yetu ni chumba chenye rafu tatu na viti vibovu vinavyosubiri fundi. Mkondo B utafundishwa na mwalimu mgeni pamoja na C. Taarifa imekwenda kwa afisa elimu, sura yangu ikiwa kiambatisho.

Mkuu aliniambia, kama jambo dogo, kwamba Daraja anadai aliitoa kanuni ya pili siku ileile. Kila mtu hudai alisema, akaongeza. Nilijibu kwamba data haionyeshi hivyo. Sentensi hiyo ni sahihi. Niliipima tena nikirudi darasani, na bado ilikuwa sahihi.

Jumanne, 30 Aprili

Daraja aliingia chumbani kwa walimu saa nne kuchukua kikombe chake. Watu waligundua ghafla kwamba wana madaftari ya kusahihisha.

"Dada, umenipa herufi nzuri," alisema, wote wakisikia. "Ungenipa A ningevimba kichwa."

Walicheka wakiangalia vikombe. Alipofika mlangoni, mahali ninapokaa, alishusha sauti.

"Hiyo sura umeisoma?"

"Nimeiandika, Kaka."

"Nimeuliza kama umeisoma."

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Binti yangu hakuniaga asubuhi.

Jumanne, 14 Mei

Msimamizi amesoma rasimu nzima na kutumia neno "bora" mara mbili. Nimehesabu.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imeanza kukata. Mkondo B wako kimya sana siku hizi, na nikipita nje nasikia chaki tu. Miezi miwili iliyopita ningeuita ukimya huo nidhamu.

Jumamosi, 25 Mei

Asubuhi binti yangu alikuwa akipiga pasi sare yake. Nilimuuliza kwa nini alama zake za hesabu zimeshuka. Akasema mwalimu mgeni anafundisha vizuri, hana tatizo. Aliendelea kupiga pasi kola ambayo ilikwisha kunyooka.

"Mama, ni kweli uliandika kwamba hakutufundisha mzidishaji?"

Nilimuuliza amelisikia wapi. Akasema shule nzima inajua.

"Alitufundisha. Siku ile uliyokuja. Mvua ilikuwa inapiga, akaja kwetu mbele, akasema tusogee. Mzidishaji hageuki, anashuka chini. Akachukua kadi ya tatu akaiweka chini ya kumi na mbili."

Alikwenda chumbani akarudi na daftari. Tarehe 13 Machi, kwa mwandiko wake, imepigiwa mstari mara mbili: Mzidishaji hageuki, anashuka chini. Chini yake amechora kadi mbili, kumi na mbili juu, tatu chini, jumlisha zote. Daftari hili limekaa katika nyumba yangu siku sabini na tatu.

"Mbona hukuniuliza?"

Nilimweleza. Mtoto wa mtafiti hawezi kuwa sehemu ya sampuli. Majibu yake yangeweza kuathiriwa na uhusiano wetu, na msomaji wa nje asingeweza kuyaamini. Alinisikiliza hadi mwisho, na pasi mkononi.

"Sawa, Mama," akasema, kwa sauti anayoitumia kwa wageni.

Jumatatu, 27 Mei

Mwongozo wa ushuhudiaji uliniagiza nichore ramani ya madawati. Niliichora na sikuitumia. Leo nimeiweka kando ya karatasi za jaribio.

Binti yangu akiwa nje ya hesabu, safu nne za mbele zina wanafunzi 22, na watatu waliandika hasi nne. Safu nne za nyuma zina wanafunzi 21, na kumi na sita waliandika hasi nne. Mwalimu ni yuleyule, na mtaala ni uleule. Kilichotofautiana ni umbali kutoka kinywani mwa mtu mmoja chini ya bati lisilo na dari. Mkondo C uko kwenye jengo la zamani lenye paa la zege, na wangu, A, una dari.

Nami nilikaa safu ya nyuma. Nilipata jibu walilolipata wa nyuma.

Jumanne, 28 Mei

Nimeanza kukusanya madaftari ya mkondo B, kwa kisingizio cha ukaguzi wa idara. Kumi na moja leo, yote ya mbele. Tisa yana kanuni ya pili.

Ijumaa, 31 Mei

Nilikwenda maktaba. Daraja alikuwa amevipanga vitabu kwa urefu, akasema ndio mpangilio pekee ambao rafu zinaukubali. Alinipa kiti chenye miguu mitatu na nusu na kunionyesha upande wa kuegemea.

Nilimweleza yote kwa mpangilio: daftari, ramani, 3 kati ya 22, 16 kati ya 21. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi wanaokaribia jibu. Nilipomaliza akauliza nimemwambia nani mwingine. Mkuu? Nikasema bado.

"Basi hujaniambia mimi."

Nilisema ninataka kwanza kumaliza madaftari, ili hoja isitetereke. Kisha akasimulia upande wake bila kuulizwa. Siku ile alipandisha sauti mpaka koo likamuuma, na alikusudia kuwarudia wa nyuma kesho yake. Kesho yake mvua ikawa ileile. Siku ya tatu aliuliza darasani, wa mbele wakajibu vizuri, naye akaendelea na mada nyingine.

"Hapo nilikosea, Dada. Hapo andika. Pale pengine ulipoandika, hapana."

Kwa hiyo hana usafi kamili, na niliondoka nikiwa nimelishika hilo kwa nguvu kuliko linavyostahili.

Jumatatu, 3 Juni

Madaftari thelathini na moja. Nimekwenda kwa Mkuu na kumweleza kwa mdomo.

Alinisikiliza vizuri, ninakiri. Akauliza kama ninamaanisha kwamba tatizo la hesabu katika shule yake ni paa. Nikasema kwa mkondo B, kwa mada hii, kwa kiasi kikubwa, ndiyo.

"Mabati hayaandikiwi barua ya onyo, Mwalimu."

Kisha akawa mtu wa kazi. Afisa elimu anakuja Ijumaa saa tatu asubuhi kulifunga shauri. Daraja atachagua kati ya kikao cha nidhamu na kustaafu mapema kwa ombi lake mwenyewe. Taarifa iliyopo ni ile niliyoiandika mimi, na anayeweza kuitengua ni mimi.

"Niandikie ukurasa mmoja. Hata leo. Sema ulikosea, nami nitaufikisha."

Nilisema bado madaftari kumi na mawili. Hitimisho linalotengua jingine lazima liwe na msingi imara kuliko lile linalotenguliwa. Nilikuwa nikidhani Mkuu ni mtu anayetafuta wa kumlaumu. Leo niliona kwamba alikuwa ametafuta karatasi tu, yoyote, na kwamba angeipokea hii kwa mikono miwili.

"Ijumaa saa tatu," akarudia.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia msimamizi. Alielewa kila kitu haraka, haraka kuliko nilivyotarajia. Sura ya nne ikibadilishwa, ya tano inaanguka, na tasnifu haiwezi kuwasilishwa Ijumaa. Kuna njia, akasema, na ni ya halali: sehemu ya Mapungufu ya Utafiti.

Nimeiandika. Hali ya usikivu darasani haikudhibitiwa. Ni maneno matano. Kila moja ni la kweli.

Madaftari arobaini.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewasilisha. Ofisi ya masjala ilifunguliwa saa mbili na nusu. Walinitangulia watu sita, walimu wote, kila mmoja amekumbatia jalada lake jeusi kama mtoto mwenye homa. Karani aligonga muhuri saa tatu na dakika ishirini.

Nilirudi shuleni saa nane mchana. Daftari la mwisho liliwekwa mezani kwangu muda mfupi baadaye. Jumla: mbele, 17 kati ya 22 wana kanuni ya pili. Nyuma, 2 kati ya 21.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja na jedwali moja. Nimesema kwamba kanuni ya pili ilitolewa, na kwamba niliandika vinginevyo kwa kosa langu. Nimemkabidhi Mkuu kabla ya gwaride. Aliipokea kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na funguo, akasema ataisoma.

Alhamisi, 13 Juni

Ameisoma. Imewekwa kwenye jalada la Daraja, na jalada limefungwa.

Daraja alisaini ombi la kustaafu mapema Ijumaa, tarehe 7, saa tatu na nusu. Kwa mujibu wa fomu, aliomba mwenyewe. Ombi la mtu, Mkuu alinieleza, halitenguliwi na barua ya mtu mwingine. Hakukuwa na ukali sautini mwake. Aliongeza jambo moja nilipokuwa nimekwisha kusimama.

"Asubuhi ile aliniuliza mara mbili kama kuna karatasi yoyote kutoka kwako. Mara ya pili afisa alikuwa ameshakaa. Nikamwambia bado."

Nilipita maktaba. Kiti chake kilikuwa kimerudishwa kwenye rundo la vibovu. Mtu wa usafi alisema Mwalimu amekwisha kuchukua kikombe chake, na kwamba aliaga kila mtu, hata walinzi.

Msimamizi ameandika kuniarifu kwamba mtahini wa nje ameisifu sura ya nne kwa uwazi wake. Chuo cha ualimu kinaniuliza naweza kuanza lini.

Nimeketi katika chumba kisicho na mtu na kuupanga ushahidi kama ningeupanga wa mwingine. Tarehe 25 Mei nilikuwa na daftari moja, na niliamini. Tarehe 27 nilikuwa na ramani, na baada ya ramani uwezekano kwamba safu zile zimejigawa hivyo kwa bahati ulikuwa mdogo kiasi kwamba ningemcheka mwanafunzi wangu kwa kuutaja. Tarehe 28 nilikuwa na madaftari kumi na moja. Katika yale thelathini na mawili yaliyofuata hakuna hata moja lililobadilisha hitimisho, wala sikumbuki kutarajia kwamba lolote lingelibadilisha. Hata hivyo ni kweli pia kwamba nilikuwa nimekwisha kumhukumu mtu kwa ushahidi pungufu mara moja, na kwamba mtafiti aliyekosea hivyo ana wajibu wa kutorudia. Sababu zote mbili zinaeleza siku zilezile kumi na tatu, tangu pasi ya binti yangu hadi muhuri wa karani, na sina jaribio linaloweza kuzitenganisha: niliyahitaji madaftari yote arobaini na matatu ili niwe na hakika, au niliyahitaji ili Ijumaa ipite?